Herufi Mbili za Gitaza

Jeshi halikosei. Shafii aliniambia hivyo siku ya harusi yetu, nikadhani anachangamsha wageni. Kumbe mwenzangu alikuwa ananipa onyo.

Mume wangu ni ajida, cheo cha mtu anayefokewa na waliomzidi ili naye akawafokee waliobaki. Kwa miaka tisa ya kwanza ya ndoa yetu yeye alikuwa kambini Muyinga na mimi Gitega, mtaa wa Nyamugari, na ndoa yenyewe ilikuwa njiani katikati ya miji hiyo miwili, ikisubiri basi lenye mafuta. Alipewa likizo ya siku tano, mara mbili kwa mwaka, mara tatu Mungu akipenda. Siku mbili kati ya hizo zililiwa na barabara na kungoja mafuta ya basi. Alifika na mchele alionunua mpakani Kobero, akala kuku, akalala, akaamka saa kumi na moja alfajiri kukunja blanketi pembe nne kana kwamba kuna mkaguzi mlangoni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Lakini siku ya jembe Shafii alikuwa tayari anaaga. Nilikuwa na mume ambaye hajawahi kugombana nami kwa jambo lolote, na mashoga zangu walinionea wivu.

Binti yetu Husni alipoanza kusema alimwita Baba Muyinga. Alidhani ndilo jina lake. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu alimuuliza baba yako anaitwa nani, naye akajibu bila kusita, "Muyinga." Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda nyumbani nikalia juu ya sufuria ya maharage, maana ukilia jikoni moshi ndio unaosingiziwa.

Kambi ile haina nyumba za familia, kila mtu analijua hilo, kwa hiyo dawa ilikuwa moja tu: Shafii ahamishiwe Gitega. Akaandika ombi la kwanza, likapotea. Akaandika la pili, wakamwambia mhusika yuko kozini. La tatu lilirudi likiwa na doa la chai badala ya jibu. Wakati huohuo Gitega ikafanywa mji mkuu, na wakubwa wakaanza kupanda mlima kuja kwetu na viti vyao, makabati yao na madereva wao. Kila mmoja alipata mahali pa kukaa. Ajida mmoja tu ndiye aliyeonekana ataujaza mji.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, ombi la nne likajibiwa. Shafii alipiga simu nikiwa kwenye mashine. Mimi hufuma sweta za shule. Nusu ya watoto wa Gitega wanaotetemeka asubuhi wanatetemekea ndani ya kazi ya mikono yangu.

"Mama Husni, demande imejibiwa! Wamekubali mitasio!"

Mitasio ndio uhamisho kwa lugha ya kambini. Nilipiga kigelegele, jirani akaitikia, na mama yangu, Bi Pili, akabandika mafuta ya sambusa kabla sijakata simu.

"Mais iko kitu kidogo," Shafii akasema, na mais ya kambini ndiyo lakini.

"Kitu gani?"

"Si kikubwa. Ni herufi mbili tu."

"Herufi gani, Baba Husni?"

"Wameandika Gitaza."

Kama hupajui, Gitega iko juu, katikati ya nchi, mahali pa blanketi mbili. Gitaza iko chini kabisa, kusini ya Bujumbura, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa Tanganyika, katika pwani ile ya joto tunayoiita Imbo. Watu wetu wa zamani walishuka Imbo wakilazimika tu, na waliorudi walirudi na homa. Karani fulani, ambaye simjui na Mungu amnusuru nisije nikamjua, alikusudia kuandika e na g, akaandika a na z. Labda alikuwa anaongea na simu. Labda alitamani samaki.

"Si uwaambie wamekosea?" nikamuuliza.

"Karatasi iko na mhuri, Mama Husni. Iko na saini ya mkubwa. Mi nani niseme mhuri umekosea? Amri ni amri." Akashusha sauti. "Mais kule familia inaweza kuja. Ni kituo kidogo, kila askari anapanga nyumba huko kwa raia. Mi nilikuwa nafikiri... donc, basi, mnaweza kuja."

Sambusa zilikuwa tayari. Tukazila kama za msiba.

Nilikubali kwenda kwa sharti moja, na sharti hilo nililitangaza mtaa mzima: ni kwa muda, mpaka kosa lisahihishwe. Mama aliniambia subira huvuta heri. Amekuwa akiniambia hivyo miaka tisa, na heri yenyewe lazima ni nzito sana, maana subira inavuta na haisogei. Kisha, kwa kuwa binti wa watu haendi ugenini mikono mitupu, akanifungia mfuko mzima wa ndagala wakavu kutoka soko la Gitega, niwapelekee majirani wapya. Nami, mwanamke mwenye akili timamu na mashine mbili, niliwapakia wale samaki kwenye gari juu ya magunia ya nyuzi za sufu, nikashuka nao mpaka ziwani.

Nyumba aliyotupangisha mzee Gervasi ilikuwa na vyumba viwili, bati lisilo na dari, na uwanja ambao nusu yake ilikuwa imeliwa na ziwa mwaka mmoja kabla. Mzee alinionyesha mahali maji yalipofika kwa fahari ya mtu anayeonyesha bustani.

"Ukitaka kufua hauendi mbali, madamu," akasema. "Ziwa linakuja lenyewe."

Saa nne asubuhi bati lilianza kulia. Saa sita hata mbu walikuwa wamejificha kivulini, wakipumzika kwa ajili ya kazi ya jioni. Nilitokwa na jasho mahali ambapo sikujua binadamu ana matundu. Na mimi, kwa hekima yangu, nilikuwa nimeleta kilo arobaini za sufu.

Halafu kuna hili la jina. Gitega mimi ni Mswahili. Watu wa vilimani wakiniona na kanga kichwani na Kiswahili mdomoni huambiana, huyo mjanja, shika mfuko wako. Nilishazoea, hata nilikuwa najivunia kidogo. Gitaza nilifungua mdomo dukani kuomba chumvi, na watu watatu wakageuka wakicheka. "Huyu ni Mrundi wa juu," mmoja akasema. Miaka thelathini na tano ya kuitwa Mswahili ikafutwa kwa pakiti moja ya chumvi.

Jirani yetu alikuwa Theodosia, mkulima wa mihogo, Mkatoliki, aliyezaliwa na kukulia kwenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Tanzania, akarudi Burundi mtu mzima. Theodosia na mumewe Urbano hula nje. Nje kabisa, kwenye mkeka, kando ya njia, saa saba mchana, na kila anayepita wanamwita, "Karibu chakula!" Sasa kwetu milimani, uwe Mwislamu au Mkristo, chakula ni siri ya nyumba. Unakula ndani, mlango umerudishwa, na ukimkuta mtu anatafuna unageuza uso kama uliyemkuta anaoga. Kwa hiyo kila Theodosia aliponiita nilitazama chini nikaongeza mwendo. Niliona ninamsitiri. Yeye aliona mke wa ajida anaringa.

Siku ya nane alinisimamia katikati ya njia, tonge la ugali bado mkononi.

"Jirani, nimekukosea nini? Kila siku nakukaribisha, kila siku unanikimbia. Au chakula cha raia hakiliwi na wanajeshi?"

"Hapana, mama. Mi nilikuwa naona haya. We ulikuwa unakula."

"Ndiyo nilikuwa nakula! Ulitaka nikukaribishe nikiwa nimelala?"

Nilikimbia ndani kutafuta kitu cha kulisafisha jina langu, nikatoka na mfuko wa mama. Theodosia akaufungua. Akatazama ndani. Akatazama ziwa, ambalo lilikuwa hatua thelathini kutoka tulipo, na mitumbwi iliyokuwa imeanikiwa nyavu. Akanitazama mimi.

"Hawa dagaa umewatoa wapi?"

"Gitega."

"Na Gitega wamewatoa wapi?"

Nami nikatazama ziwa kama yeye. Theodosia alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Urbano! Njoo uone! Wakimbizi wenzetu hawa, wamerudishwa kwao!" Nilitamani ziwa liimeze nusu ya uwanja iliyobaki, na mimi nikiwa juu yake. Lakini jioni aliwapika, akaniletea bakuli, akasema ni watamu ila safari imewachosha.

Basi nilikuwa nimepata jirani. Mume ndiye aliyekuwa tatizo, maana sasa nilikuwa naye kila siku. Shafii alirudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni na kusimama mlangoni kama anayesubiri kupigiwa saluti. "Moto haujawaka?" aliuliza. "Ndoo iko wapi? Nani amehamisha ndoo?" Alikuwa hajui mahali chumvi inakaa wala kwamba Husni hali vitunguu. Mimi sikujua kwamba anakoroma, kwa sababu mtu wa likizo huwa anakoroma kwa adabu. Mwezi wa nne Husni akashikwa na malaria. Mwezi wa tano akashikwa tena, akakonda shingo ikabaki kama ya kuku, na mimi nikamwambia baba yake: andika barua, waambie wamekosea, turudi kwetu.

"Askari halalamiki," akasema.

"Mtoto ataniozea mikononi kwa herufi mbili?"

"Mama Husni, mi niko askari miaka kumi na nane. Mi sijapata hata siku moja kuandika kwamba jeshi limekosea. Sitaanza leo."

Akatoka kwenda kuangalia ndoo.

Nilikasirika kiasi kwamba joto la bati nililiona afadhali. Mwezi wa sita nilipanda Gitega na Husni kwenye harusi ya binamu yangu, na siku ya pili nikaenda kwa mzee Venansi, karani mstaafu anayepiga chapa barua za watu karibu na soko. Nikamtajia maneno kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kifaransa. Mimi, Ajida Shafii, naheshimu kuwaarifu kwamba neno Gitaza liliandikwa badala ya neno Gitega. Mimi, Ajida Shafii, sistahimili hali ya huku. Familia yangu inateseka. Naomba kosa hili lisahihishwe bila kuchelewa.

Venansi alinitazama juu ya miwani.

"Mwenyewe anajua?"

"Mwenyewe ndiye amenituma."

Nikaweka saini ya Shafii. Nilikuwa na nakala za maombi yake kabatini, na mkono wake niliujua vizuri, na mfumaji haogopi kuiga mshono. Nilikumbuka kila usiku nilioamka na kitambaa cha maji kwenye paji la mtoto, nikaona nimetenda haki.

Nikarudi Gitaza kusubiri ushindi. Hapo ndipo mambo yakaanza kuniharibikia: nikazoea.

Alianza Urbano. Siku moja mchana alipita, akaona sweta ya mtoto kwenye mashine, akauliza kama ninafuma za watu wazima. Nikadhani ananikejeli. Kumbe wavuvi wa ndagala hutoka jioni na kurudi asubuhi, na huko katikati ya maji upepo unawachoma mbavu vibaya, na walikuwa wanavaa makoti ya mitumba yanayonywa maji mpaka yanakuwa mazito kama mgonjwa. Nilimfumia moja. Aliijaribu saa saba mchana, kwenye jua, akasimama nayo mbele ya watu jasho likimtiririka, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Wiki ile walikuja sita. Ilipofika mwezi wa nane kilo arobaini zilikuwa zimeisha, na mimi, niliyekuja kwa muda, nikampigia mama anitumie nyuzi nyingine.

Husni alipata chandarua kizuri, dawa, na mbaazi za Theodosia, akanenepa. Alijifunza kuogelea kabla sijajua kama namruhusu. Mimi nilianza kulala mchana, jambo ambalo Gitega ni ugonjwa.

Na Shafii. Tuligombana kuhusu ndoo, tukagombana kuhusu dirisha, tukagombana siku mbili nzima kuhusu mtu aliyeacha mlango wazi mbuzi wa mzee Gervasi akaingia akala unga. Ugomvi wa kwanza niliogopa, nikasubiri aseme anarudi kambini. Hakuwa na kambi ya kurudi. Alitoka, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi akaniambia, "Mi nimekosea kuhusu mbuzi." Miaka tisa nilikuwa na mume asiyegombana, na sasa nilikuwa na anayegombana, anayeomba radhi, na anayekaa nje jioni akimenya mihogo na binti yake, akizungumza naye mambo ya panya wa jikoni. Sikuwahi kuwa na raha kama ile, na nasema hivyo nikijua Mungu ananisikia.

Siku moja ya mwezi wa tisa Husni alikuwa majini, akaita, "Baba!" Shafii hakugeuka. Akaita tena, "Baba!" Nikamwambia, "Si unaitwa?" Akanitazama kwa mshangao, kisha akatazama ziwani. Alikuwa amezoea jina refu, lile lenye Muyinga mwishoni. Aliposimama kwenda kwa mtoto alijikwaa kwenye mkeka, ajida mzima, na uso wake sitausahau. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Siku hiyohiyo ndipo nilipokumbuka barua.

Niliihesabia miezi. Mitatu. Bado ilikuwa na nafasi nzuri ya kupotea. Ofisi ile ilikuwa imepoteza ombi la kwanza, ikalikalia la pili, ikalimwagia chai la tatu; nilikuwa na kila haki ya kuitegemea. Nikaanza kuiombea. Baada ya kila sala nilimwomba Mungu awape makarani wale usahaulifu, awape chai nyingi, awapeleke kozini wote kwa pamoja. Sijawahi kuwatakia heri watumishi wa nchi hii kwa moyo safi namna ile. Wala sikumwambia Shafii. Kila jioni nilisema nitamwambia kesho, na kila kesho ilikuwa nzuri mno kuiharibu.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, nilikuwa nje saa saba mchana, kwenye mkeka wa Theodosia, mbele ya njia, nikitafuna samaki wa mukeke wa kuchoma mpaka kichwa. Ndiyo, nje, mbele ya watu. Shafii akatokea kabla ya saa yake, karatasi mkononi, anacheka. Shafii hacheki akiwa na sare.

"Karibu chakula, Baba Husni!" Theodosia akamwita.

"Asante, mama, nakuja. Mama Husni, kuja kwanza ndani, kuja ucheke."

Nikanawa mikono. Nilijua kabla hajaifungua. Aliisoma akiwa amesimama, kwa Kifaransa, kisha akanifasiria. Kufuatia barua yako ya tarehe kumi na mbili mwezi wa sita, kosa limechunguzwa na kuthibitishwa. Uhamisho wa Gitaza umefutwa. Nafasi ya Gitega imeshachukuliwa na mwingine. Ajida atarudi kituo chake cha zamani, Muyinga, ndani ya siku saba.

Barua tatu za kweli, zilizoandikwa na mwenyewe, hazikupata hata msomaji. Hii ya uongo waliisoma mpaka nukta.

"We unaelewa?" Shafii akasema, na macho yake yaling'aa. "Mi sikuandika barua yoyote! Iko ajida mwingine huko ameandika, wamechanganya majina. Nimeongea na Liyetena Bonifasi, mkubwa wetu wa kituo. Amesema niandike karatasi moja tu, kwa mkono wangu, niseme barua ile si yangu. Watamtafuta mwenyewe, na mi nabaki hapa. Unaona? Mi naenda kuwaandikia kwamba wamekosea. Mi, Shafii!" Akaketi kwenye gunia la nyuzi, akavua kofia. "Toa kalamu ya Husni."

Mtu aliyekaa miaka kumi na nane bila kusema jeshi limekosea alikuwa ameomba kalamu, kwa furaha, ili abaki na sisi. Na hiyo ndiyo siku pekee ambayo jeshi halikukosea.

"Usiandike," nikasema.

"Kwa nini?"

"Barua ni yangu."

Alidhani natania. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, haraka haraka: harusi, Venansi, malaria ya mtoto, hasira. Sikulia, maana sikuona kama nina haki. Alinisikiliza hadi mwisho, na alichouliza ni kimoja.

"Na saini?"

"Ni yako. Niliiiga."

Nje Theodosia alikuwa anamkaribisha mtu mwingine chakula. Shafii akaivaa tena kofia yake. Hatukuhitaji kuambiana. Akisema barua si yake, watamtafuta aliyeiandika, na hawatatafuta sana. Watamkuta jikoni kwa Shafii, na cheo cha Shafii kitaondoka naye. Hakuna njia isipokuwa aikubali.

"Bon," akasema. Ilikuwa sauti ya gwaride, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mbuzi wa mzee Gervasi. "Nitamwambia Liyetena nilisahau. Nitasema barua ni yangu."

"Shafii, nisamehe."

"We na Husni mtarudi Gitega, kwa mama. Ndiyo ulikuwa unataka."

"Sitaki tena."

"Iko imeandikwa humu." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Sistahimili hali ya huku. Mi nasoma Kifaransa, Mama Husni."

Alisimama, akaanza kushusha nguo zake kwenye kamba ya chumbani, moja baada ya nyingine. Hakunipigia kelele. Ningelipa chochote anipigie kelele, anizungukie nyumba mara mbili kisha arudi. Alikuwa ameshakuwa mgeni tena, mpole, mwenye adabu, mtu wa likizo, na mimi nikamwona Husni akisimama mbele ya mwalimu mwingine, shule nyingine, akiulizwa jina la baba yake. Hofu ilinishika. Na ndani ya hofu hiyo likanijia swali la kijinga sana, la mtoto, ambalo sijui lilikuwa limejificha wapi.

"Huko Muyinga," nikasema, "nje ya kambi, iko nyumba za kupanga?"

Mikono yake ikasimama kwenye kamba.

"Ziko."

"Wake za askari wanakaa humo?"

"Wako wengi. Kaporo Manase iko na bibi na watoto wanne, nyuma ya soko. Egidius pia. Karibu wote."

"Toka lini?"

"Toka siku mi nafika."

Kutoka Gitega mpaka Muyinga ni nusu siku kwa basi. Nilijua bei ya tiketi. Nilijua majina ya madereva, maana nilikuwa nawapa vifurushi vya kumpelekea.

"Miaka tisa, Shafii. Mbona hukuniambia?"

Alikuwa amenipa mgongo, na shati lake la sare limeshikwa kifuani. Alijibu polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa vibaya.

"We ulikuwa na mashine zako. Ulikuwa na mama. Mi nilisema, akitaka kuja, atauliza."

Nikaketi kwenye gunia alilokuwa ameketi.

"Basi leo nimeuliza," nikamwambia.